Kona Pacha na Elimu ya Kufunga Breki

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kwamba mtu wa umri wangu, ambaye riziki yake ni kufundisha isimu katika chuo kikuu, anakuja mbele yako leo kuzungumzia mchezo wa magari unaochezwa kwenye runinga. Usistaajabu. Elimu haina mlango mmoja. Somo ninalotaka kulisimulia nililipata nikiwa nimeketi kwenye zulia la dada yangu mtaani Upper Hill, jijini Nairobi, nimeshika kidude cha kuchezea kwa mikono miwili, huku mpwa wangu wa miaka kumi na saba akijizuia asinicheke usoni.

Wakazi wa Nairobi wanaijua Upper Hill. Ni kile kilima kinachoitazama bustani ya Uhuru na katikati ya jiji. Zamani ulikuwa mtaa wa nyumba za chini zilizozungukwa na bustani pana. Siku hizi umekuwa msitu wa majumba ya vioo, na mnara wa Britam uliokamilika mwaka 2017, wenye urefu wa mita 200, unaonekana kutoka mbali kama kalamu iliyochongwa. Hata hivyo, sauti ya mtaa huu si ya mabenki wala ya kampuni za bima. Sauti yake ni ving'ora vya ambulensi zinazokimbilia hospitali zilizojaa kilimani hapo, ikiwamo Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, ambayo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 tu. Anayeishi Upper Hill hulala na kuamka na ving'ora hivyo hadi masikio yake yakayazoea makelele.

Dada yangu hajayazoea. Yeye ni muuguzi, na kwa miaka mingi amewahudumia majeruhi wa ajali za barabarani. Amewafunga bendeji vijana walioanguka na pikipiki, amewashika mikono akina mama walioitwa usiku wa manane kuja kuwatambua wana wao. Nchini Kenya, barabara zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika miaka ya karibuni. Kwako na kwangu hiyo ni tarakimu ya gazetini. Kwa dada yangu tarakimu hiyo ina nyuso.

Basi mtu wa namna hiyo anaporudi nyumbani kutoka zamu ya usiku na kumkuta mwanawe wa pekee ameketi mbele ya runinga akiendesha gari kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa, unadhani atasema nini? Alinipigia simu Ijumaa moja jioni. "Kaka," akasema, "wewe ndiwe mjomba wake. Njoo uzungumze naye. Ama mashine hiyo itauzwa, ama mimi nitaivunja kwa mikono yangu. Na sasa ameanza kuniomba pikipiki."

Nilikwenda siku ya pili yake nikiwa nimekwisha kutoa hukumu moyoni. Nitaungama kwamba sisi walimu tuna ugonjwa huu: tunasikiliza kesi baada ya kuiamua. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu juu ya thamani ya wakati, mtihani wa kidato cha nne na upotovu wa michezo ya kigeni. Nilimkuta kijana amekodoa macho kwenye kioo. Nikamwuliza, kwa sauti ya kihakimu, ni kitu gani hasa kilichomfanya arudie mahali palepale pa barabara ileile kwa wiki tatu nzima.

"Mjomba, ni shikeni," akanijibu bila kugeuka.

"Tushike nini?" nikauliza.

Hapo ndipo alipoangua kicheko, na hotuba yangu ikafia kooni. Kijana hakuwa akituamuru tushike kitu chochote. Alikuwa akilitamka kwa Kiingereza cha Nairobi neno ambalo madereva wa mashindano hulitumia kuitia kona mbili zilizofuatana kwa karibu sana, moja ikipinda huku na ya pili ikipinda kule, kama herufi S iliyobanwa. Wahandisi huziweka kona hizo kwa makusudi mahali ambapo barabara ilikuwa imenyooka, ili dereva alazimike kupunguza mwendo.

Mwanaisimu hawezi kuliacha neno kama hilo lipite bila kulisimamisha na kuliuliza linatoka wapi. Neno *chicane* ni la Kifaransa. Kabla halijaingia barabarani lilikuwa mahakamani: lilihusu ukorofi wa hoja, ujanja wa wakili anayeizungusha kesi kwa visingizio vidogo vidogo ili haki ichelewe. Kwa Kiswahili tungesema hila. Aliyelihamishia neno hilo kwenye barabara alikuwa na jicho la mshairi, kwani kona hizo hufanya kazi ileile ya wakili mjanja. Humzuilia mwenye haraka njia iliyo wazi mbele yake, zikamzungusha bila sababu anayoiona, hadi kasi yake yote ikayeyuka.

Nilimweleza mpwa wangu hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ni kweli, mjomba. Hiyo kona ina hila." Tangu hapo tukawa tunazungumza.

Kona iliyokuwa ikimtesa ni ile ya kwanza katika uwanja wa Monza, karibu na jiji la Milan nchini Italia. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1922, na mzunguko wake wa leo una urefu wa kilomita 5.793. Ulijulikana kwa kasi tupu. Mwaka 1971, katika mashindano ya Formula One, Mwingereza Peter Gethin alishinda kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde, na magari matano ya kwanza yakavuka mstari katika muda usiozidi thuluthi mbili za sekunde. Watazamaji walifurahi, lakini wenye kuona mbali waliingiwa na hofu. Mwaka uliofuata, 1972, kona za hila ziliwekwa Monza ili kuyavunja makundi hayo na kuipunguza kasi. Umbo la sasa la ile ya kwanza ni la mwaka 2000. Magari ya Formula One huifikia yakiwa karibu na kilomita 350 kwa saa, na huilazimu yashuke hadi kama 80.

Kona za aina hii nyingi zina kumbukumbu ya hatari au msiba nyuma yake. Huko Ufaransa, barabara ndefu iliyonyooka ya uwanja wa Le Mans ilikatwa kwa kona mbili kama hizo mwaka 1990. Huko Imola, pale ambapo Mbrazili Ayrton Senna aligonga ukuta na kufariki tarehe 1 Mei 1994, palipokuwa na mpindo wa kasi pamejengwa kona pacha tangu mwaka 1995. Kwa hiyo kijana anayezilaani kona hizo kwa kuwa zinamharibia mchezo, analaani kitu kilichozaliwa na maombolezo.

Mchezo wenyewe unaitwa Gran Turismo. Ulitolewa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwezi Desemba mwaka 1997, chini ya uongozi wa Kazunori Yamauchi, na matoleo mengi yamefuata. Jambo lililonivutia ni kwamba tangu toleo hilo la kwanza mchezaji hutakiwa kufanya mitihani ya leseni kabla ya kuruhusiwa kuingia mashindano fulani. Hupewa kipande kifupi cha barabara, mara nyingine kona moja tu, akakirudia na kukirudia hadi akifaulu. Mwalimu yeyote atautambua mtindo huo. Ni zoezi la sarufi, ila badala ya sentensi kuna kona.

Nilimpa mpwa wangu sharti. "Nieleze kwa Kiswahili jinsi ya kuipita kona hiyo," nikamwambia. "Kiswahili kitupu, si mchanganyiko wenu. Nikifaulu kuipita kwa maelezo yako pekee, nitakwenda kukuombea kwa mama yako. Nisipofaulu, mashine iuzwe."

Msomaji usidhani lilikuwa sharti jepesi. Kijana huyu anapata alama za wastani katika insha, na mwalimu wake amemwandikia mara kadhaa kwamba hoja zake hazina mtiririko. Alipofungua kinywa, yalimtoka maneno ya Kiingereza mfululizo, maneno ambayo ameyasikia kwa watangazaji wa mashindano. Nilipomsimamisha na kumwuliza maana ya neno moja baada ya jingine, niligundua kwamba mengi aliyajua kwa mkono tu, hakuyajua kwa akili. Alikuwa akiyatamka jinsi mtoto anavyokariri aya ya lugha asiyoifahamu. Kiswahili kilimnyang'anya maficho.

Jaribio langu la kwanza, gari liliingia mchangani. La pili likagonga kizuizi. La tatu lilipita nje kabisa ya barabara, na mchezo ukaniadhibu kwa kunikata muda. Kijana akaona kwamba maelezo yake ya "unafunga breki kisha unakata kona" hayatoshi. Ikambidi afikiri. Na alipofikiri, aligawa maelezo yake katika hatua, moja ikizaa nyingine, nami nitazieleza kama alivyonieleza.

Hatua ya kwanza ni mahali pa kuanzia. Kona ya Monza hupinda kulia kwanza, kisha kushoto. Basi unapoikaribia, jiweke kwenye ukingo wa kushoto kabisa wa barabara. Mtu anayetaka kukata kulia hujipanua kwanza kushoto, kwani mpindo uliopanuliwa huwa mlegevu, na mpindo mlegevu hupitika kwa kasi kubwa kuliko mpindo mkali.

Hatua ya pili ni breki, na breki hufungwa usukani ukiwa umenyooka. Nilipomwuliza kwa nini, alitafuta mfano kwa muda, kisha akaupata. "Mjomba," akasema, "tairi lina mshahara mmoja. Ukiutumia wote kwa breki, hubakiwi na kitu cha kukatia kona. Ukitaka kufanya yote mawili kwa pamoja kwa nguvu zote, unafilisika." Nawaambieni, nimesoma maelezo mengi ya wataalamu, na sikumbuki niliyoyaelewa upesi kama hayo. Mshiko wa tairi kwenye lami una kikomo. Kufunga breki hukopa kutoka humo, na kugeuza usukani pia hukopa kutoka humo. Ndiyo maana dereva hukanyaga breki kwa nguvu mwanzoni, kisha huilegeza polepole kadiri anavyoanza kugeuza usukani, akilipa deni moja huku akichukua jingine.

Hapa kuna hesabu kidogo, na wanafunzi wa fizikia wataifurahia. Gari linalokwenda kilomita 250 kwa saa hupita takriban mita 69 katika sekunde moja. Ukichelewa kufunga breki kwa nusu sekunde tu, umekwisha kupita mita 34 zaidi ya pale ulipokusudia. Tena, kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa breki zenyewe hauzidi mara mbili. Huzidi mara nne. Ndiyo sababu kando ya barabara kuna vibao vinavyohesabu mita zilizosalia kabla ya kona. Mpwa wangu alinifunza nichague kibao kimoja, nifunge breki hapohapo kila mara, kisha nisogeze mahali hapo kidogo kidogo baada ya kuona matokeo. "Usibahatishe," akaniambia. "Ukibahatisha, hata ukifaulu hujui kwa nini." Nilitamani watafiti wangu wa shahada ya uzamili wangekuwapo wamsikie.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha jambo lote, na ndiyo iliyomchukua wiki tatu kuivumbua. Katika kona pacha, ya kwanza ni ya kutolewa kafara. Mwanafunzi mbichi hutaka kuipita kona ya kwanza kwa kasi yote anayoweza, akajiona shujaa. Lakini akitoka humo, gari limekwisha kusukumwa upande mbaya, na kona ya pili inamkuta akiwa hana nafasi ya kuikata. Atalazimika kufunga breki tena, au kutoka nje. Dereva mwenye ujuzi huingia ya kwanza polepole kuliko anavyoweza, akachelewa kidogo kukata, ili atoke mahali ambapo kona ya pili itakuwa karibu imenyooka mbele yake.

Kwa nini ya pili ipendelewe? Kwa sababu baada yake kuna mamia ya mita za kukanyaga mafuta. Ukipata kilomita tano za ziada katika kuingia, utazitumia kwa mita chache tu kisha breki itazimeza. Ukipata kilomita hizohizo tano katika kutoka, utatembea nazo njia yote hadi kona nyingine. Basi kona haipimwi kwa mlango wake wa kuingilia, hupimwa kwa mlango wa kutokea.

Hatua ya nne ni mafuta. Yakanyagwe kwa upole, kama mtu anayemwaga chai katika kikombe kilichokaribia kujaa. Ukiyakanyaga kwa pupa kabla usukani haujanyooka, magurudumu ya nyuma huteleza na mkia wa gari hutaka kutangulia kichwa. Na hatua ya tano ni macho. Macho yasitazame kona uliyomo, yatazame unakokwenda. Mikono hufuata macho. Nilipokuwa nikiukodolea macho ukingo uliokuwa ukinitisha, niliugonga kila mara. Nilipotazama mbele yake, niliuacha salama.

Baada ya saa moja na nusu hivi, nilipita. Sikupita kwa kasi ya kujivunia, lakini nilipita bila kugusa mchanga wala kuadhibiwa. Kijana akapiga kofi. Nami, mtu mzima mwenye shahada ya uzamifu, nilisimama nikapunga mikono kama mtoto wa chekechea. Ving'ora vya ambulensi vilikuwa vikipita nje, na hakuna kati yetu aliyevisikia.

Dada yangu alivisikia. Alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kuamka, na sijui alikuwa hapo kwa muda gani.

Nilianza utetezi wangu. Nilimwambia kwamba mchezo huu haumfunzi mwanawe kasi, unamfunza breki. Nikamweleza habari ya Jann Mardenborough, kijana wa Uingereza aliyeshinda mwaka 2011 mashindano ya wachezaji wa Gran Turismo, akapewa nafasi ya kuendesha magari ya kweli, na kufikia mwaka 2013 alikuwa akishindana Le Mans. Nikamtajia filamu iliyotengenezwa juu ya maisha yake mwaka 2023. Nikamkumbusha Safari Rally yetu: mwaka 2020 mashindano hayo yalifutwa kwa sababu ya janga la korona, na vijana waliokuwa na mchezo wa WRC 9 wakaendesha katika njia za Kenya kwenye runinga zao kabla mbio za kweli hazijarejea Naivasha mwaka 2021 katika ubingwa wa dunia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali moja. "Na gari likianguka, mnafanyaje?"

Kijana akajibu kwa sauti ya chini, "Unabonyeza hapa. Unaanza upya."

"Mimi sijawahi kuona kitufe hicho wadini," akasema dada yangu.

Ndugu msomaji, nilinyamaza, kwa maana aliyoyasema ni kweli, na hakuna ufasaha unaoweza kuipiku kweli. Hata yule Mardenborough niliyemtoa kama shahidi wangu, mwezi Machi mwaka 2015 gari lake lilipaa hewani katika mashindano huko Nürburgring, Ujerumani, likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akapoteza maisha. Ujuzi wake haukuwa wa kutiliwa shaka. Lakini barabara ya kweli ina miili ya watu kando yake. Katika mchezo, kosa ni mwalimu. Barabarani, kosa linaweza kuwa la mwisho, tena likamwangukia mtu ambaye hakukosa lolote.

Hata hivyo, haikufuata kwamba kijana hakujifunza kitu. Nilimwomba dada yangu amwulize mwanawe swali lingine: gari au pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwendo mijini, hupita mita ngapi kabla dereva hajafikisha mguu kwenye breki? Kijana akapiga hesabu papo hapo. Akasema kwamba ikiwa dereva atachukua sekunde moja kushtuka, atakuwa amepita karibu mita 14 bila kupunguza chochote. "Na ikiwa anakwenda 100?" mama yake akauliza. "Mita 28 za kushtuka, mama. Halafu za breki zenyewe ni mara nne." Akanyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa hesabu hiyo kumwelekea yeye mwenyewe, badala ya gari la kuchora.

Hapo dada yangu aliketi. Akasema kitu ambacho mimi, kwa usomi wangu wote, sikuwa nimekifikiria. Alisema kwamba sisi sote tunaijua kona hiyo ya hila. Ni ile wanayoiweka askari wa trafiki katika barabara kuu, wanapotandaza vizuizi vyao vya miiba, kimoja upande huu na kingine mbele kidogo upande ule, ili kila gari lilazimike kujipinda katikati yake polepole. "Dereva wa matatu anafunga breki pale kwa sababu anaona miiba," akasema. "Akivuka tu, anakanyaga mafuta kana kwamba anadaiwa. Mimi nataka mwanangu afunge breki pasipo na miiba."

Hilo ndilo swali la elimu yote, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Shuleni tunaweka vizuizi vingi: mitihani, kengele, adhabu, ripoti za mwisho wa muhula. Mwanafunzi hujipinda katikati yake kwa sababu anaviona. Je, siku vitakapoondolewa, atakuwa na breki yake mwenyewe? Nawafahamu vijana waliopata alama za juu kabisa kidato cha nne, wakafika chuo kikuu ambako hakuna wa kuwagongea mlango, wakatoka nje ya barabara katika kona ya kwanza. Waliingia kwa kasi iliyowafurahisha wazazi, na hakuna aliyewafunza kutazama mlango wa kutokea.

Kwa walimu wenzangu nina mambo mawili. La kwanza, tusiyadharau mambo wanayoyapenda wanafunzi kabla ya kuwauliza yanafanyaje kazi. Kijana ambaye hoja zake "hazina mtiririko" alinipa maelezo ya hatua tano, kila moja ikibeba sababu yake, na mfano wa mshahara ambao ungempendeza mwalimu yeyote wa fasihi. Uwezo aliokuwa nao haukuwahi kuulizwa swali linaloufaa. Tukimwambia mwanafunzi aandike insha juu ya siku asiyoisahau, ataandika aliyokwisha kuyakariri. Tukimwambia aeleze jambo analolijua kuliko mwalimu wake, atalazimika kufikiri, maana mwalimu hawezi kumkamilishia sentensi.

La pili linahusu lugha. Wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Upungufu wa istilahi upo, sikatai. Lakini mara nyingi tunachokikosa ni subira, si maneno. Usukani tunao, breki, gia na kona tumezikopa zikawa zetu, mkia wa gari na ukingo wa barabara ni vya siku zote. Kwa *chicane* yenyewe, mpwa wangu alipendekeza tuseme "kona pacha". Mimi nilipendelea "kona ya hila" kwa sababu ya historia yake. Alinishinda kwa hoja: pacha, alisema, humkumbusha dereva kwamba ziko mbili, na anayesahau ya pili ndiye anayeanguka. Neno likimwonya mtumiaji wake, limekwisha kufanya nusu ya kazi. Ndiyo maana nimelitumia katika kichwa cha makala hii.

Kwenu wanafunzi, sitawaambia mcheze wala msicheze. Wazazi wenu wapo. Nitawaambia tu kwamba jambo mnalodai kulijua, jaribuni kumweleza mtu mzima asiyelijua, kwa lugha isiyo na maficho. Mkishindwa, mjue bado hamjalijua, mmelizoea tu. Na kuzoea si kujua. Aliyezoea kona moja ya Monza bado hajaijua Ngong Road saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha na watoto wakivuka.

Hukumu ya dada yangu ilikuwa hivi. Mashine haitauzwa, lakini itawashwa mwisho wa wiki pekee. Habari ya pikipiki isitajwe tena katika nyumba hiyo. Atakapofikisha umri wa kisheria atapelekwa katika shule ya udereva, na siku ya kwanza mama yake atafuatana naye. Na zile hatua tano aziandike kama insha, kurasa mbili, ampelekee mwalimu wake wa Kiswahili. Kijana alikubali yote isipokuwa la mwisho, akataka kujua kama insha ya namna hiyo inaruhusiwa. Nilimwambia akiulizwa aseme ametumwa na mjomba wake.

Niliondoka jua likielekea kutua. Nikiteremka Valley Road kuelekea mjini, nilijikuta nimefunga breki mapema, usukani umenyooka, kabla ya mpindo kuanza, macho yangu yakiwa mbele unakoishia. Dereva aliyekuwa nyuma yangu alinipigia honi kwa hasira, akanipita kwa kishindo. Tulikutana tena katika foleni ya chini, yeye akiwa mbele yangu kwa gari moja. Wahenga hawakuijua Monza, lakini walisema: mwenda pole hajikwai.